Juu ya nini tunasema "anakula" lakini "analia"?

MamaKatuba (Lubumbashi):
Jambo bandugu. Mutoto wangu wa primere ya tatu amerudi na kaye yake, mwalimu amekata na biki nyekundu sentensi hii: "Bebe anakulia." Juu yake ameandika "analia", basi. Sasa mutoto ananiuliza, mama, si tunasema "anakula", juu ya nini "anakulia" iko mubaya? Nimekosa jibu, na sipendi ameze kitu bila kuelewa. Mwenye anajua anisaidie tafazali.

YayaRuashi:
Mama, mutoto amefikiri vizuri, usimugombeze. Musemeshe kwa sauti. Kiswahili inakaza silabi yenye kutangulia ya mwisho. Kula, ukitosha ku- inabakia -la tu, kasilabi kamoja, na -na-, -li-, -ta- haiwezi kubeba ile nguvu, njo maana ku- inabakia: anakula, alikula, atakula. Kulia, ukitosha ku- inabakia li-a, mbili, inajisimamia: analia, alilia. Na "anakulia" iko neno ya kweli, ila inatoka ku kukua, sawa vile mi nilikulia Kamalondo. Zamani kulia ilikuwa na l ingine katikati, Babemba mpaka leo banasema ukulila, kwetu ilipotea lakini inarudi ukisema mutoto "analilia" mama yake.

MushiKadutu (Bukavu):
Ongeza Kinyarwanda kurira na Lingala kolela, ni ndugu moja. Chenye kinanigusa miye, neno haichague mwenye kulia. Kifaransa mutu ana yake, pleurer, telefone ina yake, sonner. Kwetu simu inalia, kengele ya kanisa inalia, ngoma inalia. Na kuna usiku masasi inalia huku bana banalia, unasema vyote viwili na neno moja, mara ingine ndani ya sentensi moja.

YayaRuashi:
Kweli ndugu. Na huku Lubumbashi ukisema "niko naenda ku kilio" hakuna mwenye anauliza nani analia, bote banajua mutu amekufa, viti viko inje, bamama bako chini pa mikeka.

MamaKatuba:
Aksanti sana. Amesoma a-na-ku-la, a-na-li-a, akipiga meza pa kila silabi, amesikia mwenyewe. Sasa anauliza mukono ya kulia inalia nini?

YayaRuashi:
Hailie, mama! Ile inatoka ku kula: mukono ya kulia bukari, sawa vile sahani ya kulia. Maneno mawili, sura moja. Mwambie aangalie mukono yake leo magaribi pa meza.