Kutoka diploma ya uuguzi ya Tanzania hadi NP Marekani: nianzie wapi?

Muuguzi wa Mufindi aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nina diploma ya uuguzi na ukunga ya miaka 3 niliyosomea Tanzania, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na nilitumikia wodi ya wazazi kwa miaka 6 kabla ya kumfuata mume wangu Minnesota. Kwa sasa ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee: nawaogesha, nawageuza ili wasipate vidonda vya mgongo, napima presha na kuandika namba ambazo siruhusiwi kuzitolea uamuzi wowote. Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu kliniki akiwa na homa, na aliyemchungulia masikio, akanieleza kwamba ngoma ya sikio la kushoto imevimba, kisha akaandika dawa, alikuwa muuguzi mwenye cheo cha NP (nurse practitioner), yaani muuguzi bingwa anayepima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Tangu siku hiyo sijatulia. Je, diploma yangu itahesabiwa au nitaanza upya, na safari yote itachukua miaka mingapi? Nimeshauriwa pia kuhusu chuo kinachofundisha mtandaoni na kumaliza upesi, je, nijiandikishe?

Mtumishi wa Zahanati alijibu:

Dada, tafadhali usijiandikishe popote kwanza. Diploma yako ina thamani, lakini ni lazima Bodi ya Uuguzi ya jimbo iridhike nayo: chuo chako kitume chenyewe transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, Baraza lithibitishe usajili wako, kisha taasisi ya tathmini ipime kama saa zako za darasani na za wodini katika magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili zinalingana na zinazotakiwa huku. Ukikubaliwa, utafanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi, wenye maswali kati ya 85 na 150 kwa muda usiozidi saa 5, ambapo kompyuta huchagua swali linalofuata kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia. Ukifaulu na kupewa leseni, utakuwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, na hata mshahara wako utakuwa mwingine kabisa, jambo litakalokusaidia kulipa ada ya hatua zinazofuata.

Shahada ya kwanza, kwa mtu ambaye tayari ana leseni, kwa kawaida huchukua mwaka 1 au 2 akiwa kazini, na uzamili wa NP miaka 2 au 3. Hakikisha programu ina ithibati inayotambulika, kama ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua programu za uuguzi, kwa sababu bila ithibati mtihani wa taifa wa NP hutaruhusiwa kuukalia. Baada ya mtihani huo ndipo jimbo hukupa leseni, na majimbo hayafanani: Minnesota, kwa sheria iliyoanza kutumika 2015, inamtaka NP mpya afanye kazi saa 2,080 kwa ushirikiano na mwenye uzoefu kabla ya kujitegemea, ilhali Texas bado inamtaka awe na makubaliano na daktari ili aandike dawa. Ukijumlisha na muda wa kusubiri makaratasi kutoka nyumbani, jiandae kwa miaka 6 hadi 8.

Mama Tumaini alijibu:

Mdogo wangu, aliyotangulia kusema kaka ni sahihi, ila swali la miaka lisiwe la kwanza. La kwanza ni mgonjwa gani unataka kumtibu, kwa sababu cheti cha NP hufungamana na kundi la wagonjwa. Cheo hiki kilipoanza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Loretta Ford, aliyekuwa muuguzi, na daktari Henry Silver walianza na watoto, na hadi leo aliyesomea watoto hawezi kuhamia kwa wazee bila kurudi shule. Mimi nilisomea afya ya akili. Wewe umetoka wodi ya wazazi, kwa hiyo ujue mapema kwamba NP wa familia anaweza kumpima mjamzito lakini hazalishi. Ukitaka kuendelea kupokea watoto, njia yako ni ya CNM, yaani muuguzi mkunga mwenye cheti, ambayo ina programu na mtihani wake.

Kuhusu chuo cha mtandaoni, tatizo haliko kwenye masomo ya nadharia. Viwango vya taifa vya mafunzo ya NP vya 2022 vinataka angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi, na saa hizo hazipatikani kwenye kompyuta. Chuo nilichosoma kilituachia wenyewe kazi ya kutafuta wasimamizi; niliandika barua pepe zaidi ya 40, nikapita kliniki hadi kliniki nikiwa na bahasha ya vyeti mkononi, na nikapoteza muhula mzima huku ada ikiendelea. Kabla hujalipa senti, uliza kwa maandishi: nani atanitafutia msimamizi, na asipopatikana itakuwaje?

Usiogope umri wala lafudhi; Kiswahili chako kitawafaa wagonjwa. Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Kivu, ambaye faili lake lilisema anakataa dawa, aliniambia kwa Kiswahili kwamba vidonge vya presha huvimeza siku anazoumwa kichwa tu, kwa kuwa siku nyingine haoni ugonjwa. Hakuwa amekataa chochote, alikuwa hajaelezwa.

Muuguzi wa Mufindi alijibu:

Asanteni sana, kaka na dada. Sikujua habari ya CNM, na nakiri kwamba moyo wangu uko kwa wazazi. Kesho alfajiri, kabla ofisi za nyumbani hazijafungwa, nitampigia mkuu wa taaluma wa chuo changu kuhusu transkripti.

Mtumishi wa Zahanati alijibu:

Mwombe iandikwe kwa Kiingereza, ionyeshe saa za kila somo na za kila wodi, na itumwe na chuo moja kwa moja kwa taasisi ya tathmini. Ya kwangu ilikuja mkononi mwa shemeji, ikakataliwa, nikasubiri miezi 5 mingine.