Defender imezimwa, flashi zinageuka shotikati, ukurasa wa mke wangu umeibwa: nianzie wapi?

BabaIlham

Wakuu, poleni na majukumu. Nina HP EliteBook 840 G3 niliyonunua Kariakoo, mtumba wa Ulaya. Muuzaji alinipeleka kwa fundi wa mlango wa pili, akanipigia Windows 10 na Office kwa elfu ishirini, saa moja tu nikaondoka nayo. Nyumbani tunaitumia wanne: mimi, mama watoto, na vijana wawili, mmoja kidato cha pili, mwingine darasa la sita.

Mwanzoni haikuwa na shida. Baadaye kivinjari kikaanza kufungua kurasa za kubeti chenyewe, na feni inalia hata kama hakuna aliyeigusa. Kijana akapeleka flashi steshenari kuchapa kazi ya shule, dada wa pale akamrudisha mbio: mafaili yote yamekuwa shotikati, "mwambie baba yako asiniulie biashara". Nikacheka. Juzi kicheko kikaisha. Mama watoto anauza vitenge kwenye ukurasa wa Facebook, kaamka amekuta katolewa, na kuna mtu anatangaza mikopo kwa jina lake.

Nimejaribu kuwasha Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows, inakataa, inaandika kwamba mipangilio hii inasimamiwa na taasisi yangu. Taasisi gani? Mimi nauza vifaa vya umeme. Mpango wangu ni kuweka antivairasi leo usiku, halafu nikae hapo hapo kwenye kompyuta nibadilishe pasiwedi zote. Niko sahihi? Fundi hapokei simu.

Mzee wa Bando

Antivairasi moja haitoshi mkuu. Mimi ninazo tatu, nilipewa na jamaa, zote zimefunguliwa kila kitu na hazidai hata senti. Nikutumie?

Kitasa

Mzee wa Bando, hizo tatu zimechakachuliwa? Basi fisi umemkabidhi bucha. Hata zingekuwa halali, antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja zinagombania faili lile lile, mashine inakuwa nzito na kila moja inaishuku nyingine. Moja inatosha.

BabaIlham, simamisha mkono kwanza. Usibadilishe pasiwedi yoyote kwenye hiyo kompyuta. Kama ndani kuna programu ya kijasusi inayosoma unachoandika, utakuwa unamsomea mwizi pasiwedi mpya kwa sauti. Zima intaneti ya kompyuta, chukua simu ambayo haijawahi kuguswa na mambo haya, uanze na barua pepe, kwa sababu aliye na barua pepe yako anaweza kuomba pasiwedi mpya za kila kitu kingine. Baada ya hapo Facebook. Kwa ukurasa ulioibwa andika facebook.com/hacked kwenye simu ambayo mama watoto huitumia siku zote kuingilia. Kifaa wanachokifahamu kinasaidia.

Na kuna jambo watu wengi hawalijui. Ukishaingia Facebook, kivinjari kinatunza kuki, ambayo ni kama tiketi ya kurudi ndani bila kuulizwa tena. Programu za wizi siku hizi zinakomba pasiwedi zote ulizohifadhi kwenye kivinjari pamoja na hizo kuki. Mwenye kuki haulizwi pasiwedi wala ile namba inayotumwa kwa SMS. Ni chuma ulete kabisa: droo imefungwa, funguo unazo mfukoni, hela haionekani. Kwa hiyo ukibadilisha pasiwedi tafuta pia sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia, uvitoe. WhatsApp nayo, fungua vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta hiyo iondoe.

Sasa "taasisi" yako. Huyo ni fundi wako. Windows ina mlango ambao ofisi kubwa huutumia kuwazuia wafanyakazi wasibadilishe mipangilio. Programu za kuamsha Windows kwa wizi Defender huzikamata, kwa hiyo wanaozitumia huizima kupitia mlango huo huo, au huiambia kuna folda isizikague. Jaribu hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikikwambia imeamshwa kwa kudumu, sawa. Ikikupa tarehe ya kwisha, ndani ya siku 180, basi umewekewa KMS ya bandia. KMS yenyewe ni mfumo halali wa makampuni, mashine inakwenda kujisajili upya kila baada ya muda kwenye seva ya ofisi. Wewe seva ya ofisi huna, kwa hiyo kuna kitu ndani ya kompyuta yako kinajifanya seva, na kinawaka kila siku.

Bi Mwalimu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. BabaIlham, shukuru umeibiwa ukurasa tu.

Mimi mwaka juzi nilitaka programu ya kukata video za mahafali. Ya kulipia sikuimudu, nikatafuta ya kuchakachua. Maelekezo yakasema zima antivairasi kwanza, nikazima kwa mkono wangu. Kikaja kidirisha kinachojifanya Windows inasasisha, nikaenda kukaanga samaki. Kurudi, kila faili limeota mkia wa herufi nne nisizozijua, na kila folda ina karatasi moja, _readme.txt. Dola 980 wanirudishie mafaili, nikiwahi ndani ya saa 72 nipunguziwe iwe 490. Maazimio ya kazi ya miaka sita, maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio, picha za marehemu mama.

Nilikuja kujua virusi hivyo vinaitwa STOP, wengine wanaviita Djvu, na chakula chao hasa ni watu wa nyumbani kama sisi tunaotafuta vya bure. Emsisoft, kampuni ya antivairasi, walitoa kifungulio mwaka 2019, kiko bure, nikakijaribu. Kinafungua aina nyingi za zamani. Mpya zinafunguka tu kama virusi havikuwahi kuwasiliana na seva ya wezi siku ile, maana vikiwasiliana kila mtu anapewa ufunguo wake peke yake. Mimi intaneti ilikuwa inawaka. Yangu hayakufunguka.

Sikulipa. Diski ile nimeifunga kwenye soksi, iko kabatini, kila baada ya miezi naangalia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi na Europol pamoja na makampuni ya usalama. Wakipata funguo wanaziweka pale bila malipo. Maazimio niliyapata nusu kwenye barua pepe nilizowahi kumtumia mkuu wa taaluma. Picha za mama, dada yangu alikuwa nazo tatu.

Siku hizi nina diski ya nje. Jumapili naichomeka, nanakili, naichomoa. Kuichomoa ndiyo kazi yenyewe jamani. Ikibaki imechomekwa itafungwa pamoja na vingine.

BabaIlham

Bi Mwalimu pole sana, hiyo ya picha imenigusa.

Kitasa, nimeandika hiyo kitu, imetoa tarehe ya mwezi ujao. Barua pepe nimemaliza kwa simu. Kwenye orodha ya vifaa nimekuta kompyuta mbili, na sisi tunayo moja. Nimezitoa zote, mwili unasisimka. Sasa nikitoa hiyo KMS si Windows itaanza kudai hela? Leseni ni zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia mashine.

Kitasa

Hapa ndipo ninapochoka na mafundi wetu. Sikiliza. 840 G3 ni mashine ya maofisi. Nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows 10 Pro, na ufunguo wake umechomewa kwenye bodi. Ukipiga Windows safi ya Pro, ukaunganisha intaneti, inajiamsha yenyewe bila kukuomba kitu. Leseni unayoogopa kuinunua yawezekana ulishainunua siku uliyotoa hela Kariakoo, mtu akaifunika kwa ya wizi kwa sababu ndiyo iko kwenye flashi yake na ndiyo anayompigia kila mteja.

Usihangaike kusafisha hiyo iliyopo. Ningekuwa sijaona ukurasa ulioibwa ningekwambia jaribu ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao, ule unaozima mashine na kukagua kama robo saa kabla Windows haijaamka. Kwako piga fomati. Kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, shusha kile chombo cha kutengenezea Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, kinataka flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Kabla ya hapo nakili nyaraka na picha tu. Usinakili programu yoyote, wala mafaili ya .exe, wala folda la vitu mlivyopakua.

SaibaYaKibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Nina saiba, flashi za watu nazijua kuliko wenyewe. Ndugu, mafaili ya kijana hayajapotea. Hivyo virusi huyaficha, kisha huweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibonyeza, virusi vinaamka kwanza halafu unafunguliwa faili lako usishuku. Kwenye mashine safi, usibonyeze kitu ndani ya flashi. Fungua lile dirisha jeusi la amri, na kama flashi ni herufi F andika

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Yatatokea. Nakili unayoyataka, futa shotikati na kila .vbs utakayoiona, kisha ufomati flashi. Na waonyeshe watoto namna ya kuwasha miisho ya majina ya mafaili ionekane, ili picha.jpg.exe isiwadanganye kwamba ni picha.

Mimi mashine zangu zina Deep Freeze, mteja akichafua nazima nawasha, zinarudi kama asubuhi. Nyumbani haifai, mtakuwa mnapoteza kazi zenu kila siku. Lakini kila mtoto mfungulie akaunti yake ya kawaida isiyo na ruhusa ya kuweka programu. Pasiwedi ya msimamizi ibaki kwako. Watakuchukia wiki moja hivi.

Nyuki Mkali

Mnazunguka tu. Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, lala usingizi.

Kitasa

Nyuki hajakosea sana. G3 ina prosesa ya kizazi cha sita na Windows 11 inataka cha nane kwenda juu, kwa hiyo rasmi haipandi. Lakini kuna nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026: unajiandikisha kwenye ukurasa wa masasisho, ni bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, au dola 30. Baada ya hapo Mint ni jambo la kufikiria kweli. Badala ya Office, LibreOffice inatosha kwa kazi za shule, nayo ni halali na bure. Izoeeni tangu sasa.

Jingine, najua nyumba nyingi zinafanya: kuiambia Windows kwamba intaneti ni ya kupimwa ili isile bando. Masasisho mengi yanasimama hapo hapo. WannaCry, virusi vya kufunga mafaili vya Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi, karibu miezi miwili kabla. Tafuta bando la usiku, iache ishushe mkiwa mmelala.

BabaIlham

Mrejesho. Shemeji ana kompyuta ya ofisini, tumetengeneza flashi kwake, nikapiga mwenyewe Jumamosi, mara ya kwanza maishani. Nikaruka sehemu ya ufunguo. Nilipounganisha intaneti na kwenda kuangalia: imeamshwa. Bila KMS wala fundi. Feni kimya mpaka nikadhani imekufa. Defender inawaka na yule wa taasisi hayupo.

Ukurasa wa vitenge bado, wameomba kitambulisho, tumetuma, tunasubiri. Wateja wawili walishatumia huyo tapeli hela, mama watoto anajisikia vibaya utadhani kaiba yeye. Flashi ya kijana imepona kwa ile attrib, asante Mombasa, ila dada wa steshenari anasema ataikagua kwanza kabla haijagusa mashine yake. Fundi naye kapiga leo, anasema niilete airudie bure.

Mzee wa Bando

Wakuu, samahani kuingilia. Na mimi nimeandika ile slmgr /xpr kujaribu tu. Imenipa tarehe.

Kitasa

Simu yako iko karibu? Anza na barua pepe.