Vigae vya mbali vinachemka, mhusika naye kawa ukungu, nichague filta ipi?

kijiti03: Wakuu habari zenu, nina kagemu ka 3D naandika kwa OpenGL (kiolesura cha kuiamuru kadi ya picha ichore), injini ya gemu sijatumia, kila kitu naandika mwenyewe ndo nijifunze, sasa siku ya tatu hii nimekwama. Teksicha, yaani picha za kubandika juu ya maumbo, ni mbili tu, sakafu ya vigae 1024 kwa 1024 na mhusika nimemchora mwenyewe pikseli 16 kwa 16. Kwanza zilitoka nyeusi tii nikahangaika na sheda (programu ndogo inayopaka rangi kwenye kadi ya picha) usiku mzima, kumbe nikiweka filta ya GL_NEAREST (inachukua pikseli moja ya karibu) kote picha zinatokea. Ila nikitembeza kamera vigae vya mbali vinachemka kama sisimizi, mstari unatokea mara unapotea. Nikahamia GL_LINEAR (inachanganya pikseli za jirani) kote, mchemko umepungua ila upo, na mhusika sasa ni kama namwangalia bila miwani. Nichague ipi? Na ule weusi ulitoka wapi?

babu_sheda: Hayo ni maswali mawili mkuu, we unayapa jibu moja. GL_TEXTURE_MAG_FILTER inahusu ukiwa karibu, pikseli moja ya teksicha inatanuka juu ya pikseli nyingi za skrini. GL_TEXTURE_MIN_FILTER ni kinyume chake, nyingi zinabanana ndani ya moja. Mhusika anaumwa la kwanza, sakafu la pili.

Angalia kigae cha mwisho kule, tuseme pikseli moja ya skrini imefunika 200 za teksicha, GL_NEAREST inachomoa moja, GL_LINEAR inachanganya 4, hizo nyingine hazina habari. Kamera ikisogea kidogo tu zinachomolewa zingine, rangi inaruka, ndo sisimizi wako hao. Dawa ni mipmapu, yaani teksicha ile ile ikiwa imeshapunguzwa kabla, 1024, 512, 256 mpaka 1, ngazi 11. Memori inaongezeka kama theluthi moja tu. Ita glGenerateMipmap baada ya kupakia picha, afu MIN weka GL_LINEAR_MIPMAP_LINEAR, inalainisha ndani ya ngazi na kati ya ngazi mbili.

Weusi nao, MIN usipoigusa inaanza na GL_NEAREST_MIPMAP_LINEAR, inadai mipmapu ambazo hujatengeneza, teksicha inahesabika haijakamilika na sheda inasoma nyeusi. Karibu wote tumepitia hapo 😂

kijiti03: Duh usiku mzima kumbe ni hiyo tu. Sasa nimeweka GL_LINEAR_MIPMAP_LINEAR kwenye MIN na MAG zote mbili, mchemko kwisha, ila MAG ni kama haijanisikia, na sakafu ya mbali imekuwa uji

tofali_moja: MAG haijui mipmapu, inakubali GL_NEAREST na GL_LINEAR basi, ukiipa nyingine inatupa kosa la GL_INVALID_ENUM na kubaki ilivyokuwa, we uliita glGetError ikuonyeshe makosa kweli? Mhusika mpe MAG ya GL_NEAREST, MIN pia GL_NEAREST.

babu_sheda: MIN hapana, akienda mbali na yeye atachemka. Mpe GL_NEAREST_MIPMAP_LINEAR. Kama kamera haiendi mbali naye hapo sawa, nakubaliana na tofali.

Uji wa sakafu ni kwa sababu unaitazama kwa mshazari, kwa urefu imebanwa sana kwa upana kidogo, na mipmapu inapunguza pande zote sawa, kwa hiyo inachagua ngazi ndogo kuliko unavyohitaji. Washa filta ya anisotropiki, inasoma pikseli zaidi upande uliobanwa, kwa glTexParameterf na GL_TEXTURE_MAX_ANISOTROPY, ipo ndani ya OpenGL tangu 4.6, chini ya hapo tafuta ekstensheni (nyongeza) yake. Kadi nyingi mwisho ni 16, anza na 8 uone.

nukta_nukta: Angalizo, ukija kupanga wahusika wengi kwenye picha moja kubwa acha nafasi kati yao, la sivyo ngazi ndogo za mipmapu zinachanganya rangi za majirani, mimi shujaa wangu alikuwa na ukingo wa kijani wa mti wa pembeni wiki nzima sijui umetoka wapi

kijiti03: Nimeweka 8, mistari ya vigae inaonekana mpaka ukutani kule, mhusika kanyooka kila pikseli naiona. Imetulia wakuu, asanteni sana. Sasa anapita katikati ya ukuta kama mzimu ila hiyo nafungulia uzi mwingine