Natafiti polisi na dhuluma za nyumbani Lamu: OB (kitabu cha matukio cha kituo) yatosha?

Langoni_2: Assalaam aleikum. Naandaa utafiti wa uzamili kuhusu jinsi vituo vya polisi vya Lamu vinavyopokea kesi za dhuluma za nyumbani. Msimamizi ataka mtazamo wa kifeministi. Nimepanga kuhesabu kesi za OB za miaka 3 na kuhoji maofisa wa dawati la jinsia. Yatosha?

Bi Tende: Waaleikum salaam. Haitoshi, dada. OB ni kile afisa wa zamu alichoona chafaa kuandikwa. Aliyeambiwa "rudini mkasuluhishane" hana namba, basi kwenye hesabu yako hayupo. Tazama jaribio la polisi wa Minneapolis, Marekani, la 1981–82, lililolinganisha njia tatu: kukamata, kushauri au kumtoa mume kwa saa kadhaa. Kwa rekodi za polisi, 10% ya waliokamatwa walirudia dhuluma ndani ya miezi 6. Wanawake walipoulizwa wenyewe, ikawa 19%. Na wanawake waliopatikana kwa mahojiano ya kwanza ni 62% tu!

Mshumaa: Fuata kesi, si kitabu. Amefika kaunta, amepewa namba ya OB, amepewa P3 (fomu ya polisi ya kuandika majeraha), P3 imejazwa hospitali, ameandikisha taarifa, mume amekamatwa, amefikishwa kortini. Kila hatua andika waliobaki, walioishia hapo, na sababu. "Ameondoa kesi" isipite hivi hivi: yaweza kuwa nauli ya boti kutoka Faza, au kikao cha mawifi. Sheria ya Kenya ya 2015 ya kulinda watu na dhuluma za nyumbani yataja hata kuingiliwa na wakwe na kunyimwa mali. Pima kama OB yayaandika hayo au ni "kupigwa" tu. Wengi huanzia kwa mzee wa mtaa au kadhi, anzia huko nawe.

Bi Tende: Na usalama. Ukiandika "mke wa nahodha, Mkomani, watoto wanne", umeshamtaja. Usimpigie simu, huenda ikapokewa na mume. Hoji mwanamke mmoja kwa nyumba, kama WHO (Shirika la Afya Duniani) ilivyoelekeza 2001, na uwe na maswali ya uzazi na lishe ya kuhamia mara moja mtu akiingia ghafla. Mpe 1195, namba ya simu ya msaada kwa waliodhulumiwa, kwa mdomo, si kwa karatasi.

Langoni_2: Shukran. Maofisa niwaache?

Mshumaa: La. Ukishapata kibali cha NACOSTI (tume ya taifa inayoidhinisha utafiti), omba na ruhusa ya polisi wenyewe. Bila hiyo kaunta haifunguki. Kisha waulize kesi ya mwisho waliyopokea, hatua kwa hatua. Ukiuliza "kwa kawaida mwafanyaje", utasomewa sheria.