Kwenda na watoto kuwaona kasuku waliookolewa Entebbe, na kasuku wetu anayejinyonyoa manyoya

MamaJ_Uyole

Habari zenu wakuu, naomba kuuliza kwa aliyewahi kufika. Mwezi wa kumi na mbili tunaenda Uganda kwenye harusi ya mdogo wangu, tutafikia Entebbe, na nimesikia pale kando ya ziwa kwenye kile kituo cha wanyama cha UWEC (zamani Entebbe Zoo) wana kasuku wa kijivu walionyang'anywa watu wa magendo. Naenda na watoto wawili, mkubwa yupo la nne, mdogo hajaanza shule. Wanaruhusiwa kuwashika au kuwalisha? Tujiandaeje?

Sababu ya pili ndio inaniumiza. Baba mkwe alikuwa dereva wa malori ya Kongo, miaka hiyo akarudi na kasuku wa kijivu kupitia Tunduma, wakaishi nae hapa Uyole, Mbeya, mpaka mzee alipofariki mwaka jana. Tangu hapo ndege anajinyonyoa, kifua chote kimebaki ngozi tupu mpaka mapajani, na asubuhi anakohoa kile kikohozi cha mzee kabisa afu anasema "ndaga fijo" (asante sana kwa Kinyakyusa) kama mzee alivyokuwa anapokea chai. Mama mkwe akisikia anainuka anatoka nje. Anakula alizeti na ugali, tundu lake lipo jikoni maana baridi ya huku mnaijua. Je naweza kwenda nae Entebbe nikamuacha kule akaishi na wenzie?

Kihesa_Juu

Pole sana dada, na msiba pia poleni.

Mi Entebbe sijafika ila nilivyokuwa nasoma Uingereza nilienda kwenye hifadhi moja ya kasuku Lincolnshire, kijiji kinaitwa Friskney. Wengi pale wametolewa majumbani, mwenye ndege kafa, au kahamia fleti, au kachoka na kelele, maana kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 hadi 60 kwaiyo mara nyingi anabaki na watu ambao hawakumchagua. Unaingia ukitegemea watakusalimia, unakutana na ndege amekaa pembeni ya kijiti, kichwa tu ndio kina manyoya (kwasababu kichwani kwake mdomo haufiki), mwili uliobaki ni kama kuku aliyeandaliwa, anakuangalia kwa jicho moja la njano na mguu mmoja kaukunja. Nilisimama pale muda mrefu.

Hapohapo ndio mwaka 2020 walipata kasuku watano toka kwa watu tofauti, wakakaa chumba kimoja karantini, wakafundishana matusi. Wafanyakazi wakasema mtu akicheka ndio wanazidi, maana wanaona wamepata jibu, ikabidi watolewe sehemu ya wageni kwa muda kwa ajili ya watoto. Watu walisambaza ile habari kama kichekesho, mi naona inaonyesha jinsi hawa ndege wanavyotafuta mtu wa kuongea nae kwa njia yoyote ile. Wako anaita mzee. Anakohoa kwasababu kile kikohozi kilikuwa kinaleta mtu.

DktMifugo_Makambako

MamaJ, kabla ya Entebbe, leo hii mtoe jikoni. Nasema leo. Mapafu ya ndege yanachukua hewa kwa namna tofauti na yetu, moshi wa mkaa unaomuumiza mtu kichwa unaweza kumuua yeye, na vile vikaango visivyoshika chakula vikipata moto kupita kiasi vinatoa hewa inayoua kasuku kwa dakika chache huku wewe husikii chochote. Muweke sebuleni, mbali na mlango, usiku funika tundu kwa blanketi pande tatu.

La pili, huku kwetu parachichi zipo kila uwanja toka Rungwe mpaka Njombe na watoto wanapenda kugawa. Parachichi ni sumu kwa kasuku, nyama, ganda, kokwa, majani, vyote. Kahawa na chokoleti pia hapana.

Alizeti tupu na ugali ndio nusu ya tatizo. Alizeti ina mafuta mengi, vitamini A na kalsiamu hakuna, na kasuku wa kijivu ndio hasa anayeumia akikosa kalsiamu, mpaka anatetemeka na kudondoka. Anza taratibu: karoti, mchicha, sukuma wiki, boga, maharage yaliyoiva vizuri bila chumvi. Pilipili mpe hata ile kali, ndege hausikii ule ukali. Atakataa siku za mwanzo, usimkatie alizeti ghafla, punguza kidogo kidogo huku unampima uzito kwa mzani wa jikoni.

Kujinyonyoa kunaweza kuwa huzuni na upweke lakini siwezi kusema ni hivyo tu mpaka apimwe, kuna magonjwa ya ngozi, ini, na ya virusi. Na kuna homa ya kasuku inayopita kwa vumbi la kinyesi kikavu mpaka kwa binadamu, kwaiyo anayesafisha tundu aloweshe kwanza, avae barakoa, na yule mtoto mdogo asikae hapo.

Mbalizi_Moja

Kwani si mfungue tundu aende zake? Ndege wa porini arudi porini.

DktMifugo_Makambako

Mbalizi_Moja hapana ndugu yangu. Ni ndege wa misitu ya joto ya Kongo na Afrika Magharibi, upande wa Tanzania amewahi kuonekana pembeni kabisa kule Kagera. Ukimuachia Uyole hana manyoya kifuani, hajui kipanga, hajui chakula, usiku mmoja wa baridi unamtosha. Wanaorudishwa porini ni wale waliokamatwa wakubwa. Kituo cha Limbe kule Kameruni wanapokea wengi sana walionaswa kwa ulimbo, mabawa yamegandamana au yamekatwa, wanawasafisha na kuwatunza mpaka manyoya ya kurukia yaote upya ndipo wanawaachia kwa kundi. Wa kwenu hana kundi, kundi lake ni nyie.

Mwanjelwa_Safari

Entebbe nilifika na familia. Kulisha na kushika msitegemee, na mi naona ndivyo inavyotakiwa. Sehemu inayokupa kasuku begani upige picha kwa hela, au inayouza makinda, hiyo ni biashara hata wakiandika hifadhi kwenye geti. Watoto wavue hereni na vibanio vya kung'aa, wasiingize vidole kwenye wavu, wasipige kelele kuwalazimisha waongee. Waonyeshe macho: mboni ikiwa inabana na kupanuka haraka, mkia umefunguka, ndege kapaniki au kakasirika, mrudi nyuma. Nendeni asubuhi. Na kwa vile mna ndege nyumbani, viatu na nguo za siku hiyo zifuliwe kabla ya kumsogelea.

Kuhusu kumpeleka: usijaribu kumvusha. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yupo daraja la juu la CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini), kumvusha mpaka bila vibali vya nchi zote mbili mnakamatwa na ndege anachukuliwa. Hata kumfuga hapa kunahitaji kibali, kwaiyo bora muende wenyewe kwa watu wa TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania) mueleze alivyokuja kuliko kungoja mtu awachongee.

Ila pale Entebbe omba kuongea na mhudumu wa ndege. Piga picha za matundu yao, vijiti vya unene tofauti, matawi ya kutafuna, namna wanavyoficha chakula ili ndege akitafute. Hayo fundi wa Mwanjelwa anakutengenezea.

MamaJ_Uyole

Asanteni sana, nimesoma zote nikamsomea na mama mkwe. Tundu lishahamia sebuleni. Mama kauliza, akimuitikia ile "ndaga fijo" si atakuwa anamzidishia huzuni? Jumamosi tunaweza kumleta Makambako?

DktMifugo_Makambako

Amuitikie, na akae nae wakati wa chai, huyo ndio mtu aliyebaki anayemjua. Jumamosi njooni, nitumie ujumbe. Tandika gazeti safi chini ya tundu Ijumaa usiku uje nalo na kinyesi chake, funika kwa kanga kwenye gari, madirisha yasipitishe upepo, na usimpe chakula kipya siku ya safari.