Bolti ya kiti cha dereva imegoma, Celica ya 1991: nifanyeje kabla haijakatika?

ST182_Tudor

Assalaam aleikum jamani. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake.

Nina Toyota Celica ya 1991, modeli ya ST182, niliyoachiwa na mjomba wangu. Aliinunua mwaka 1994, mwaka ule Ian Duncan aliposhinda Safari Rally kwa Celica, na nyumbani kwetu hakukuwa na gari nyingine ya kuzungumzwa. Naipenda na nataka idumu.

Mvua za Mei zimeingia ndani. Kapeti ya upande wa dereva imeloa mpaka sponji ya chini, na ukifunga vioo gari inanuka uvundo. Nataka kutoa viti vyote viwili, ninyanyue kapeti, niione sakafu kabla kutu haijaimaliza.

Kiti cha abiria kimetoka vizuri. Cha dereva, bolti mbili za mbele zimetoka, na ya nyuma upande wa mlango imetoka huku ikilia. Imebaki ya nyuma upande wa ndani, karibu na hendibreki. Imezunguka kidogo sana kisha ikashika. Soketi namba 14 imeanza kuteleza na pembe za kichwa zinalika. Nimepuliza WD-40 kwa juu nikaiacha ilale nayo, wapi!

Fundi mmoja wa mtaani anataka kuleta gesi aipashe moto humo humo ndani. Mwingine anasema tukate kwa grinda halafu tuchomelee nyingine. Sakafu sitaki iguswe. Nifanyeje?

Mkaazi wa Kizingo

Kaka, tafuta mashine ya upepo, ile wanayofungulia nati za magurudumu. Ikipigwa sekunde chache itatoka yenyewe.

FundiJomvu

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Weka soketi chini kwanza, na hiyo mashine ya upepo isiletwe. Kichwa kimeshaanza kulika, ukikipiga kwa mashine ama kitaviringika kabisa ama kitakatika, na hapo ndipo grinda itakapopata kazi.

Nimefungua viti vingi vya magari ya hapa Pwani na tatizo huwa lile lile. Watu wanapambana na kichwa cha bolti, kumbe ugonjwa uko upande wa pili. Bolti ya nyuma inapita kwenye mguu wa reli, inapita kapeti na bati la sakafu, inaingia kwenye nati iliyochomelewa kiwandani. Mara nyingi ncha yake hutokeza chini ya gari. Ncha hiyo ndiyo inayopigwa na maji ya barabarani, mchanga, na ule unyevu wa chumvi wakati wa kusi. Kutu inajaa kwenye thredi zilizotokeza. Ukianza kufungua, unazivuta thredi zilizovimba zipite ndani ya nati safi. Ndiyo maana imezunguka kidogo halafu ikashika. Na WD-40 ya juu haifiki huko, kichwa kimekaza juu ya bati, mafuta yanaishia kwenye kapeti.

Kwa hiyo ingia chini. Inua gari kwa jeki, weka stendi imara, weka na kabari kwenye magurudumu. Usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tafuta ncha. Ikiwa imefunikwa na lami ya kuzuia kutu, ikwangue. Kisha chukua brashi ya waya usugue mpaka uone thredi moja moja, chuma cheupe. Hapa usiwe na haraka, nusu ya kazi iko hapa. Ukimaliza paka mafuta ya kupenya. Kama huna, changanya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Inapenya vizuri mno, ila inashika moto upesi, basi hakuna sigara wala cheche karibu. Tikisa kila unapopaka kwa sababu haikai imechanganyika. Paka asubuhi na jioni, siku mbili tatu, na kila ukipaka gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, wima, mapigo mafupi. Yale mapigo yanapasua kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: zirudishe zile bolti tatu ulizotoa, kwa mkono tu, thredi chache. Sasa hivi kiti kizima kinaning'inia kwenye bolti moja, na kila ukikigusa unaipinda. Kiti kikilala sawa, bolti inabaki na kazi moja tu ya kuzunguka.

Siku ya kufungua, tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili. Ya kumi na mbili inashika ncha za pembe tu, ndiyo iliyokulia kichwa. Safisha kichwa, kita soketi kwa nyundo mpaka ikae chini kabisa, tia pawaba, ule mpini mrefu wa soketi. Anza kwa KUKAZA, kidogo tu, mpaka usikie imeachia. Kisha legeza robo mzunguko. Ikianza kulia, simama, irudishe, ongeza mafuta kule chini, endelea. Nenda rudi, nenda rudi. Ikilia ukaendelea kuvuta kwa nguvu, inakatika.

Kuhusu gesi: hapana. Chini ya kapeti kuna sponji na lami, moshi wake ni sumu, na mabomba ya mafuta na ya breki yanapita chini ya sakafu hiyo hiyo. Soketi ikikataa kabisa, atafutwe mchomeleaji mwenye mkono mtulivu akuchomelee nati juu ya kichwa. Joto linaingia kwenye bolti yenyewe na unapata kichwa kipya cha kushika. Lakini kabla ya hapo kapeti ikunjwe mbali, vitambaa vibichi vitandazwe, waya za betri zitolewe, na mtu asimame na kizima moto mkononi.

Binti Likoni

Nauza spea, nami naongeza hapa kwa sababu jambo hili naliona kila wiki dukani. Kaka, bolti hiyo usiirudishe, na usinunue yoyote kwa kukisia unene. Bolti za viti vya Toyota ni milimita 10, thredi ya 1.25, yaani milimita 1.25 toka thredi moja hadi nyingine. Nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vyuma ni milimita 10 kwa 1.5. Ukiitazama ni ile ile, inaingia mizunguko miwili, halafu mtu anaisukuma kwa spana na nati ya sakafuni imeharibika. Ya sawa inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Tazama pia kichwani: iwe imeandikwa 8.8 au zaidi, hiyo ni alama ya nguvu ya bolti. Kifungio cha mkanda kikiwa kimefungwa kwenye kiti, siku ya ajali bolti hizo ndizo zinazokushikilia wewe.

FundiJomvu

Dada amesema kweli tupu. Nati zipitishwe tepu ya 1.25, kile chuma cha kukatia thredi, kusafisha kutu, na wakati wa kurudisha kaza kwa spana ya kipimo cha nguvu ya kukaza, Nm (nyutoni-mita) 37. Ukishakaza, rudi chini upake grisi nzito ile ncha.

ST182_Tudor

Imetoka! Ncha ilikuwa chini kabisa, imefunikwa na lami na tope lililokauka, nisingeiona bila kukwangua. Nilipoanza kwa kukaza ikatoa mlio mmoja mkubwa, tak, nikadhani imekatika, kumbe imeachia. Thredi za mwisho zimelika zimebaki kama kijiti, za juu zinang'aa kama mpya. Fundi, Mungu akuzidishie. Binti Likoni, nakuja kuchukua bolti zote nane.

Sakafu ina kutu ya juu juu, haijatoboka. Naisugua, naipaka rangi ya kuzuia kutu. Nirudishe kapeti wikiendi hii?

FundiJomvu

Bado. Kwanza ujue maji yaliingilia wapi. Toa ile plastiki ya ndani ya mlango uangalie nailoni iliyobandikwa nyuma yake kama imeachia, kisha mtu amwagie maji juu ya kioo cha mbele na mlangoni wewe ukiwa umekaa ndani na tochi. Kama gari ina dirisha la juu, mimina maji kwenye vijishimo vyake vya pembeni uone yanatokea wapi. Na hiyo sponji ianikwe juani peke yake, mbali na kapeti, mpaka ukiikamua isitoe hata tone.