Mada: Tapas za Kihispania hotelini Makati, nitapata cha kula?

Kutoka: mdogo wenu wa Los Baños

Assalaam alaykum jamaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Nipo Los Baños, Ufilipino, kwenye mafunzo ya mpunga pale IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, huu mwezi wa tatu. Ijumaa mkuu wetu anatupeleka Makati, kule Manila, mkahawa wa Kihispania ndani ya hoteli, tukale tapas. Tapa ninayoijua mimi ni ile ya asubuhi kantini: nyama ya ng'ombe iliyokolezwa na kukaushwa, wali wa kitunguu saumu na yai. Wenzangu wananiambia siyo hiyo. Nguruwe sili, pombe sinywi. Je, niende? Na bili ya hoteli hulipwa vipi? Posho ya mafunzo mnaijua.

---

Kutoka: dada wa Makati

Wa alaykum salaam, marahaba mdogo wangu. Nenda. Utakula na utashiba, lakini jiandae kabla ya kukaa kitako.

Tapa ya kantini na tapas za hotelini zimechangia jina tu. Kwa Kihispania tapa ni kifuniko, na tapas ni visahani vidogo vinavyowekwa katikati, kila mtu anachota, kama sisi na sinia. Wahispania walikaa nchi hii tangu 1565 hadi 1898, na maneno yao ya jikoni Wafilipino wameyafanya yao: kijiko ni kutsara, uma ni tinidor. Ukisikia mesa usishangae, meza yetu nasi tuliipata kwa Wareno.

Sasa la nguruwe, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Mara yangu ya kwanza kwenye mkahawa wa namna hiyo nilimuuliza mhudumu kuhusu croquetas, yale madonge ya kukaanga yenye sosi nzito ya maziwa ndani: "Kuna pork?" Akaniambia kwa tabasamu, hakuna mama, ni jibini na ham. Neno la mwisho sikulisikia kwa kelele. Nimeuma nusu, naangalia ndani, naona vipande vya rangi ya waridi vidogo kama punje za mchele. Nilitema kwenye kitambaa mbele ya wageni wa mume wangu. Yule kijana hakunidanganya. Kwa watu wengi hapa pork ni nyama yenyewe ya nguruwe, na ham ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo taja kila kimoja kwa jina lake: pork, ham, bacon, chorizo (soseji yao), jamón (paja la nguruwe lililokaushwa). Kisha malizia kwa Kitagalogi, "walang baboy", yaani pasiwe na nguruwe. Hapo hakuna asiyekuelewa.

Albóndigas, vile vidonge vya nyama, viache, mara nyingi ng'ombe na nguruwe husagwa pamoja. Na hata ng'ombe na kuku, usipohakikishiwa kuwa ni halali, kaa upande wa bahari. Huko ndiko raha iliko. Agiza pulpo a la gallega: ni pweza, mdogo wangu! Anachemshwa hadi alainike, anakatwa, analazwa juu ya viazi, anamwagiwa mafuta ya zeituni na unga wa pilipili nyekundu isiyowasha sana. Mimi mtu wa Forodhani, nilipomwona yule pweza Manila nilinyamaza kidogo. Kuna gambas al ajillo, kamba wa kitunguu saumu, huletwa kwenye kibia cha udongo mafuta bado yanachemka. Usiguse mara moja. Na tortilla ya Kihispania ni mayai na viazi, ndugu wa chipsi mayai, ila nene kama keki na viazi vimepikwa taratibu ndani ya mafuta.

Paella, wali wao wa Kihispania, iagizwe mkikaa tu, hupikwa zaidi ya nusu saa. Iulize supu yake ni ya nini. Wewe mtu wa mpunga utaipenda: punje fupi, zimekunywa supu yote, zafarani ile ile ya biriani. Ukoko wa chini wanauita socarrat, na wao pia wanaugombania.

Bili: kwa kuwa kakualika mkuu, analipa yeye, hiyo ndiyo desturi hapa. Ukisikia "libre" ujue umelipiwa. Ukisikia "KKB" kila mtu na mfuko wake. Soma maandishi madogo chini ya menyu, hotelini huongeza asilimia 10 ya huduma. Tangu 2019 sheria inataka fedha hiyo yote igawiwe wafanyakazi, kwa hiyo usione haya kutoacha bakshishi nyingine.

---

Kutoka: mjomba wa Cebu

Dada kasema kweli, naongeza mawili. Kamba wale wapishi wengine huwatilia mvinyo au brandi. Na viazi vya kukaanga, patatas bravas, vyaweza kuwa vimepita kwenye mafuta yaliyokaanga croquetas. Piga simu hotelini siku moja kabla, uongee na jikoni wenyewe. Ijumaa usiku mhudumu ana meza kumi, hana nafasi ya kukuulizia.

---

Kutoka: mdogo wenu wa Los Baños

Shikamoo dada, shikamoo mjomba. Nimerudi salama.

Nilipiga simu Alhamisi. Mpishi alisema supu ya paella yao huwa na mifupa ya kuku, akajitolea kutupikia sufuria moja ya samaki mtupu, na kamba wangu wasitiwe mvinyo. Viazi alinishauri niviache, kwa sababu ile ile ya mjomba. Ijumaa tulipofika, mhudumu aliniita kwa jina na kunionyesha kwa kidole visahani vyangu.

Pweza nilikula sahani mbili. Dada, kweli analainika! Paella ilipoisha nilichukua kijiko nikaanza kukwangua chini. Mkuu wetu akaniuliza nafanya nini, nikamwambia kwetu huu ni ukoko, hauachwi. Akasogeza kiti akachukua kijiko chake, na mwenzangu wa Bangladesh naye akaja na wake. Tulikwangua mpaka chuma kikaonekana.

Ilikuwa libre.